Chui, Mlezi wa Mbwa Waliotupwa

"Nije, nisije?"
"Njoo!"
"Nije na nini?"
"Njoo na utamu!"
"Utamu wameumaliza waliotangulia. Umebaki uchungu."
"Ulete hivyo hivyo!"

Haya, nauleta. Msije mkasema kesho kwamba sikuwaambia.

Hapo kale walikuwako wawindaji, na wawindaji walikuwa na mbwa. Si mbwa kama hawa wenu wa kulala jikoni wakingoja ukoko. Walikuwa mbwa wa kazi. Wamefundishwa kufukuza, wamefundishwa kukamata, wamefundishwa kulinda. Kila mmoja alivaa njuga shingoni, na wakati wa kwenda porini njuga ilizibwa kwa majani makavu, mnyama asisikie. Wakishamkaribia, mwindaji huyachomoa yale majani. Njigi! Hapo mbwa anajua kazi imeanza. Njigi njigi njigi, mpaka mnyama akamatwe.

Na mbwa akianza kuchechemea je? Akizeeka je? Mwindaji alimvusha mto, akamrushia mfupa, na mbwa alipogeuka kuutazama mfupa, mwindaji naye akageuka kwenda zake nyumbani. Mbwa alikaa pale pale akimngoja. Wengine walingoja mpaka wakafa kwa njaa, na mfupa uko mbele yao, maana mbwa wa kazi hufundishwa pia asile mpaka bwana wake ale kwanza, kisha amkaribishe. Ndiyo malezi mazuri hayo.

Sasa, ng'ambo ya mto alikaa Mama Nungunungu. Ubavu wake mmoja haukuwa na miiba. Waliing'oa mbwa hao hao siku walipomkurupusha shimoni. Lakini alipowaona wametupwa, aliwaokota. Akajenga boma la matawi ya mgunga, akawatia ndani, akawakanda miguu, akawachotea maji, na chakula akakionja yeye kwanza, ndipo nao wakala. Wanyama wakamsifu: "Mama Nungunungu ana roho nzuri!" Akazipenda sifa. Hata wewe Riziki unayecheka hapo, ungezipenda.

Boma likajaa. Mbwa wanakula, na kila siku wanatupwa wengine. Mama Nungunungu akatangaza porini kote: anayetaka mbwa wa kulea na aje, atapewa. Ila kulikuwa na desturi yake. Mchukuaji hukaa chini na mbwa, wakala bakuli moja. Mchukuaji anatia mkono kwanza, kisha mbwa anatia mdomo. Bakuli likiisha, mbwa ni wake. Na wakati wanakula, Mama Nungunungu husimama akasema maneno yale yale, kila mara:

"Huyu anajua kufukuza, anajua kukamata, anajua kulinda. Akikamata haachii. Ukimpigia kelele ndiyo kwanza anakaza. Ukitaka aachie, mwekee mkono kichwani, umwambie polepole, 'Basi, mwanangu.' Na akimuuma aliyekula naye bakuli moja, hapa bomani hapokelewi tena."

Siku moja, hodi! Nani? Chui. Amejilamba manyoya yanang'aa, sauti imelainika kama ya mgeni aliyekuja kuposa.

"Hodi hapa, Mama."

"Karibu, Mzee Chui."

"Nimekuja kulea. Nyumba yangu ni kubwa, na mimi ni mpweke."

Wakaletwa mbwa. Chui akamchagua Wasemao, dume lenye kifua kipana. Wakakaa, wakala. Mama Nungunungu akaanza: "Huyu anajua kufukuza, anajua..."

"Najua, najua!" akasema Chui, na macho yake yako kwenye paja la Wasemao.

"Akikamata haachii. Ukitaka aachie..."

"Najua, najua! Mbwa nimewaona tangu utotoni."

Ni kweli, aliwaona. Aliwaona akiwa juu ya tawi.

Akaenda naye. Wasemao akafukuza swala, Chui akala. Wasemao akafukuza ngiri, Chui akala. Wasemao akafukuza digidigi, Chui akala. Chui analala juu ya mti, tumbo linaning'inia. Mbwa yuko chini anangoja aambiwe ale, na mbavu zake unaweza kuzihesabu. Hata siku mbwa alipochoka akaanguka, Chui akamtazama kutoka juu, akakumbuka kwamba mbwa naye ni nyama.

Hodi!

"Karibu, Mzee Chui."

"Pole, Mama. Wasemao amekufa kwa homa. Nimekurudishia njuga yake. Na nimekuletea mifupa kidogo, ya kutafunatafuna. Naomba mwingine, nyumba imekuwa kimya."

Mnamjua nungunungu na mifupa? Haiachi. Ananoa meno yake kwa mifupa, anaguguna, krrr, krrr, mpaka anasinzia kwa raha. Mama Nungunungu akaupokea ule mzigo kwa mikono miwili, akampa Yatakwisha.

Yatakwisha akafukuza, Chui akala. Yatakwisha akachoka, Chui akala. Hodi! "Pole, Mama, Yatakwisha ametoroka. Njuga yake hii. Mifupa hii." Krrr, krrr. Akapewa Sijali. Sijali akafukuza, Chui akala. Sijali akachoka, Chui akala. Hodi! "Pole, Mama, Sijali amewarudia wawindaji wake." Na njuga. Na mifupa.

Pembeni ya boma, kwenye shimo chini ya ua, alikaa Nguchiro. Kijitu kidogo, mkia mrefu, pua haitulii. Kazi yake kuiba mayai ya kanga. Akipata yai hulibeba mpaka kwenye jiwe, akaligeuzia mgongo, akalirusha katikati ya miguu ya nyuma, paa! Likapasuka, akalamba. Wakati wa baridi Nguchiro hakulala shimoni. Alilala kwenye tumbo la mbwa mmoja mzee, jike, jina lake Nitazoea.

Huyu Nitazoea ndiye aliyekuwa bingwa wa wawindaji, mbwa wa wavu. Wenzake walikimbiza, yeye alikaa kwenye wavu, na chochote kilichonasa humo alikishika koo asikiachie. Walimtupa kwa sababu mguu mmoja uliingia baridi. Tumbo lake lilikuwa na joto zuri, na Nguchiro alijikunja pale akamwita bibi.

Ile mara ya pili, Nguchiro alikuwa amepita karibu na mzigo wa mifupa, akanusa. Akanusa tena.

"Mama, huu ni mguu wa Yatakwisha."

"Mifupa yote hufanana ikishakauka," akasema Mama Nungunungu.

"Huu umepinda hapa, pale ulipovunjika. Si wewe mwenyewe uliyeufunga?"

Mama Nungunungu akautazama ule mfupa. Akautazama kwa muda. Kisha akautia kinywani. Krrr.

"Mfupa ni mfupa. Wewe unajua kulisha mbwa wote hawa ni kazi gani? Unaiba mayai tu, unajua nini?"

Alijua, jamani. Nasema alijua! Mimi hadithi hii huwa inanitia hasira hapa hapa, siyo kule kwa Chui. Chui ni chui. Lakini mtu anayekanda mguu kwa mkono huu, na kwa mkono huu... Haya, tuendelee.

Bomani wakabaki watoto wa mbwa wasiojua kazi, na Nitazoea. Hodi! Chui tena. Watoto hakuwatazama hata kidogo, maana hawakujua kufukuza wala hawakuwa na nyama. Kutokujua kitu kuliwaokoa.

"Naomba yule," akasema Chui.

Nguchiro akashtuka. Msimwite shujaa, sikuwaambia alikuwa shujaa. Alifikiri: kipupwe kinakuja, nitalala wapi? Akamkimbilia Nitazoea, akamnong'oneza sikioni.

"Bibi, usile bakuli hilo! Huyo atakutumia mpaka uchoke, halafu atakula wewe."

"Kazi naiweza," akasema Nitazoea. Tayari mkia ulikuwa unatikisika. Tangu atupwe hakuna aliyemwita kazini, na anayeitwa kazini hasikii mengine.

"Wenzako wako wapi?"

"Pengine hawakufanya kazi vizuri."

Akakaa, akala na Chui bakuli moja. Mama Nungunungu akasema maneno yake, haraka haraka, akitazama pembeni. Chui akasema, "Najua, najua!" Wakatoka, njuga ya Nitazoea imezibwa kwa majani kama desturi ya porini.

Nguchiro akakata njia ya mkato, akawatokea mbele, akajifanya anapita tu.

"Shikamoo, Mzee Chui."

"Marahaba."

"Hee! Umempata Nitazoea! Hongera. Wale wa kwanza walikuletea nini?"

"Swala mmoja mmoja."

"Ndiyo, hao walikuwa wa kukimbiza. Huyu ni wa wavu. Huyu hawindi swala, anawinda kundi zima. Wavu wenyewe wawindaji wameuacha kule kwenye korongo, umefungwa kwenye miti. Lakini mambo ya wavu unayajua wewe, mimi mdogo nikueleze nini?"

Chui hakuwa amewahi kuuona wavu kwa karibu. Mate yakamtoka.

"Najua, najua!" akasema.

"Basi unajua kwamba mwenye wavu huuingia yeye kwanza."

"Nani asiyejua?"

"Hulala ndani yake kimya, ukapata harufu yake, ndipo bahati yake inaushika. Wengine hutia mkono tu, na nyama wanayopata ni ya kutosha mkono. Wengine hutia kichwa, wanapata ya kutosha kichwa."

"Na anayeingia mzima?"

"Aa, Mzee. Hilo si unalijua?"

"Najua, najua! Nilikuwa nakupima wewe."

Wakafika korongoni. Wavu upo, kamba za katani nene, umefunikwa na majani. Chui akaingia. Mguu wa kwanza, wa pili, tumbo, mkia. Akajigeuza apake harufu vizuri, na kila alivyojigeuza kamba zikamzunguka. Ukucha huu umenasa huku, ukucha ule umenasa kule.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo. Hakika unajua."

Nitazoea alikuwa ameketi mbali, mgongo kwao, anatazama njia, kama alivyofundishwa. Nguchiro akamwendea, akapanda begani, akayachomoa yale majani kwenye njuga.

Njigi!

Mbwa mzee akaruka kama si yeye. Njigi njigi njigi! Kwenye wavu kuna kitu kinatikisika, na mbwa wa wavu haulizi ni nani. Akarukia. Kwap! Akashika koo.

"Acha!" akanguruma Chui. Nitazoea akakaza.

"Toka! Nitakuua! Mimi ni bwana wako!" Nitazoea akakaza.

"Nguchiro! Nguchiro, mwanangu! Kuna neno. Yule mama alikuwa akisema neno!"

"Neno gani, Mzee?"

"La kumwachisha! Niambie!"

"Si ulisema unajua?"

"Niambie, nakuomba!"

"Labda ni 'karibu ule,'" akasema Nguchiro, amekaa juu ya jiwe, anajikuna mbavu. "Labda ni 'pole na kazi.' Hayo ulishawahi kumwambia mbwa yeyote? Jaribu."

Chui akajaribu maneno yote aliyokuwa nayo. Mengi yalikuwa matusi. Sauti ikapungua, miguu ikapungua, mkia ukapiga chini, puu, puu, ukaacha.

Hapo ndipo Nguchiro akashuka, akaweka kikono chake kidogo juu ya kichwa cha Nitazoea. "Basi, mwanangu," akasema. Nitazoea akaachia. Akarudi nyuma, akakaa, akatikisa mkia, akamtafuta bwana wake kwa macho apate sifa yake. Akatazama njiani. Akatazama juu ya mti. Kisha upepo ukageuka, harufu ikamjia kutoka kwenye wavu, na mkia ukasimama.

"Nimemuuma," akasema.

"Umepona, bibi!"

"Nimemuuma niliyekula naye bakuli moja."

"Angekula wewe!"

"Sijui angefanya nini. Najua nilichofanya mimi."

Porini wakasikia kwamba Chui amekufa. Ngoma ikalia, ti-ti-ndi, ti-ti-ndi! Swala akaja, ngiri akaja, kanga wakaja na vifaranga vyao, wote bomani kwa Mama Nungunungu.

"Nani aliyemtia Chui kwenye wavu?" wakauliza.

"Mimi!" akasema Nguchiro. Wakambeba juu juu.

"Na nani aliyemshika koo?"

"Yule," akasema Nguchiro kutoka juu.

Wote wakageuka. Nitazoea alikuwa amesimama langoni, damu ya Chui bado iko mdomoni. Kanga wakakusanya vifaranga.

Mama Nungunungu akaenda langoni, miiba imesimama.

"Umemuuma aliyekula nawe bakuli moja."

"Ndiyo, Mama."

"Desturi unaijua."

"Naijua, Mama."

"Si kwamba sina huruma. Wote wananijua. Lakini hawa watoto wa mbwa nani atakuja kuwachukua, akisikia kwamba hapa tunafuga mbwa wanaoua mabwana zao? Nawafikiria watoto."

"Ni haki, Mama," akasema Nitazoea.

Lango likafungwa kwa tawi la mgunga. Nguchiro alifungua mdomo aseme kitu. Nadhani alitaka kusema. Lakini ngoma ilikuwa imekolea, na wanamrusha juu, hoi! wanamdaka, wanamrusha, hoi! Mtu huwezi kusema jambo la maana ukiwa unarushwa hewani. Na mifupa ya Chui nani aliiguguna? Msiniulize.

Kipupwe kikaingia. Nitazoea alilala nje ya lango. Wakapita wanyama kadhaa kutafuta mbwa. "Yule wa nje je? Anaonekana mbwa wa kazi." Mama Nungunungu akajibu, "Yule anauma." "Aa, hapana. Mimi nina familia." Hata fisi alikuja. Fisi! Akamtazama, akasema, "Ningemchukua, ila naogopa watu watasemaje."

Nguchiro alilala shimoni, na shimoni kulikuwa baridi. Asubuhi moja alitoka na yai, akaenda nalo nje ya lango.

"Bibi, nimekuletea yai."

Nitazoea akalinusa. Mate yakamtoka mdomoni, lakini hakuligusa.

"Kula, bibi!"

"Siwezi kula mpaka ale bwana wangu. Ndivyo nilivyofundishwa. Sina bwana."

"Mimi nifanyeje?"

"Lipasue. Lamba kidogo, kisha niachie nilambe. Tukishakula pamoja, nitakuwa mbwa wako. Nitakupa joto. Nitakulinda. Chochote utakachonipa kitanitosha."

Nguchiro akalitazama yai. Lilikuwa moja. Nguchiro mnamjua, kichwa chake hakilali. Akaanza kufikiri. Leo nusu yai. Kesho nusu yai. Kesho kutwa nusu yai. Na akichechemea zaidi? Na akiugua? Na Mama Nungunungu atasemaje, mimi mwenye sifa zangu, nikiwa na mbwa anayeuma? Akafikiri, akafikiri. Kisha akalibeba yai mpaka kwenye jiwe, akaligeuzia mgongo, paa! Akalamba, akalamba mpaka ganda likakauka.

"Lilikuwa dogo, bibi," akasema. "Kesho nitaleta kubwa."

"Haya, mwanangu," akasema Nitazoea.

Kesho yake akaleta kubwa. Nitazoea alikuwa amelala upande, macho wazi, yametazama njia. Nguchiro akamwita, "Bibi!" Akaweka mkono juu ya tumbo lake. Lilikuwa baridi kuliko shimo. Akakaa pale muda, akalia, nawaambia alilia kweli. Halafu akala lile yai pia.

Hadithi nimeifungia lango. Aliyebaki ndani abaki ndani, aliyebaki nje abaki nje.

Sasa fundisho, maana hadithi bila fundisho wazazi wenu watanigombeza. Fundisho ni hili: wadogo wakimshinda mkubwa, wote wanafaidi. Mmesikia? Rudieni.

"Wadogo wakimshinda mkubwa, wote wanafaidi!"

Vizuri sana. Unasemaje, Riziki? Nitazoea? Mbwa gani huyo? Kwenye fundisho mimi sikutaja mbwa. Nendeni mkale, chakula kimeiva.